Nyumba ya Kupanga, Panzi

Jirani yetu wa mtaa wa Panzi alikuwa karani mjini. Kila jioni alirudi kwa miguu, akavua abakosi, koti lake la kazini, akaanza kuitengeneza nyumba aliyopanga. Alisiliba kuta kwa udongo, akanyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, huku akipiga mluzi polepole. Nyumba ilipopendeza, mwenye nyumba, muzee Mushagalusa, alikuja kuidai, maana mwanawe alikuwa anaoa.

“Iko yako, muzee,” jirani alijibu, akiitazama mikono yake.

Siku ya kuhama, mke wake alisimama uani na godoro kichwani. Mumewe alikuwa juu ya paa, anagongea bati.

“Shuka, tuende. Hii nyumba haiko yetu tena.”

“Ngoja kidogo. Mvua itamunyeshea bibi-arusi.”

Mkewe akatua godoro, akaenda kumshikia ngazi.