Picha ya Kutisha ya Mzee Dadi

Ukienda kwa Mzee Dadi pale Mwanga kujaziwa filamu kwenye flashi, jiandae kubembelezwa. Wewe utataka za mapigano, zilizotafsiriwa na yule jamaa mwenye maneno mengi. Atakusikiliza kwa adabu zote, kisha atakupendekezea picha ya kutisha ya zamani, ya mwanamke anayeshuka na mshumaa kwenye handaki la chini ya nyumba yake.

"Mzee, hii hata rangi haina," Wilfred wa bodaboda alimwambia. "Halafu haijatafsiriwa."

"Kuogopa kunataka mkalimani, mwanangu?"

Wilfred hakuichukua, wala mwingine yeyote. Sisi majirani tulimtania Dadi mpaka tukachoka, maana hata wauza dagaa wa Kibirizi hawang'ang'anii mteja namna ile.

Mwishowe Mwasiti, fundi cherehani wa mlango wa pili, alimwonea huruma. Mchana mmoja, kazi zikiwa chache, aliingia dukani kwake. "Haya, kaka Dadi, weka hiyo picha yako tuione."

Dadi alifurahi mpaka akafuta kiti kwa shati lake mwenyewe. Lakini mwanamke wa kwenye picha alipowasha tu mshumaa, Dadi akakumbuka kwamba hajanywa kahawa. Akanifuata kwenye benchi la nje, jasho linamtoka.

"Mbona umemwacha mgeni?" nikamuuliza.

"Sijawahi kuuona mwisho wake," akaninong'oneza. "Naogopa."

Kumbe aliyekuwa akimwangalizia huo mwisho ni mkewe, marehemu Hasna. Naye kila mara alimsimulia mwisho tofauti, makusudi, apate kumcheka. Tangu Hasna afariki, Dadi hajui kama yule mwanamke alitoka handakini. Ndiyo maana anatubembeleza sote. Anatafuta atakayemwambia. Roho iliniuma, nisiseme uongo.

Picha ilipokwisha, Mwasiti akatoka nje. Dadi akasimama, kikombe cha kahawa mkononi.

"Alitoka?"

"Alitoka," Mwasiti akajibu, uso mkavu. "Sasa hivi ana mgahawa Kibirizi, anauza samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo."

Dadi alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Kisha akaingia dukani, akavuta viti viwili mbele ya runinga.

"Irudishe nyuma," alimwambia Mwasiti. "Leo naangalia mwenyewe. Ila wewe usitoke."