Kwaya ya Papa Thaddée na Vijana wa Mashati Meusi

Kwa baba yangu mkubwa, Papa Thaddée, kwaya bila sare ni watu wanaopiga kelele tu. Alifundisha kwaya Uvira, Kongo, akafundisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako sare zilishonwa kwa mapazia. Sasa hufundisha watoto wa kanisa sebuleni kwake, Inver Grove Heights, Marekani, kila Jumamosi akitoka kiwanda cha nyama.

Ndiyo maana, kiangazi cha 2017, alipowaona vijana wa kizungu wakikusanyika nyumba ya kona, wote mashati meusi yenye alama moja kifuani, alifurahi kweli.

“Goretti, tumepata kwaya jirani!”

“Umewasikia wakiimba?” mke wake akauliza.

“Watakuwa mapumzikoni. Lete maandazi.”

Nikamfuata. Mimi napenda kujua kila kitu, tena Kiingereza chake kinahitaji msaidizi. Tulipofika karibu nikaitambua ile alama. Mwalimu wetu alituonyesha darasani: ni ya kundi linalotaka watu weusi wafukuzwe nchini. Nikamvuta mkono.

“Papa, turudi.”

“Héritière, adabu. Nisalimie kwanza.”

Akanyoosha mkono. Hakuna aliyeupokea. Akajitaja jina, akasema anafundisha watoto kuimba, akawaonyesha nyumba yake, ile ya kijani. Mmoja alipokea sahani huku akiitazama nyumba, muda mrefu.

“Watoto wengi?”

“Wengi sana! Karibuni Jumamosi.”

“Tutakuja,” akasema, akaiweka sahani chini, mbwa wake akala. Wenzake wakacheka.

Njiani nikamweleza wao ni nani. Tulipofika barazani akageuka kuitazama ile nyumba ya kona.

“Mlango nimewaonyesha mwenyewe,” akasema.

Mama Goretti aliwapigia simu wazazi wote: wiki hii hakuna mazoezi. Lakini wengine wanafanya kazi Jumamosi kwenye nyumba za wazee na hawana pa kuwaacha watoto. Wakaletwa tu, na tai zao za bluu.

Walikuwa kwenye ubeti wa kwanza pikapu ilipokuja. Ikasimama mbele ya nyumba, injini inanguruma. Nyingine ikaja nyuma yake. Nilichungulia dirishani: mashati meusi, na fimbo za besiboli miguuni. Mama Goretti akapiga simu polisi. Wakasema gari liko njiani.

Halafu akampigia Jotham, Mkenya wa mtaa wa nyuma.

“Niko na van hapa kwa fence yenu ya nyuma,” Jotham akasema. “Leta hao watoto mbio, Mama. Wasipige nduru.”

“Wakinyamaza, hawa wa nje watajua tunatoroka,” nikasema.

Papa Thaddée alifikiri kidogo. “Basi hawatanyamaza. Watoeni. Mimi nitaimba.”

“Peke yako?” Mama Goretti akavua viatu, akasimama kando yake. “Nani atapiga makofi? Héritière, wapeleke wewe.”

Tukatoka mlango wa jikoni, tumeinama, nimembeba Bonheur, mdogo kuliko wote. Nyuma yangu Papa alianza na besi, akapanda sauti ya kwanza mpaka ikakwaruza. Katikati akafoka, “Elisée! Unachelewa, rudia!”

Elisée, aliyekuwa ameshika shati langu, akaanza kulia.

Watoto walipoingia wote, Jotham alifunga mlango wa van taratibu. Kule mbele nikasikia milango ya pikapu ikifunguliwa, mmoja, mwingine, mwingine. Makofi yakaongezeka kasi. Papa aliendelea kuimba.