Pua ya Homgadi

Wakati wa Hali ya Hatari, homgadi, mwenyeji aliyewalindia wakoloni lango la kijiji kule Kanja, alijicheka kabla hajachekwa. Vumbi la handaki lililozunguka kijiji likimwingia puani asubuhi, kufikia jioni kifua kinalia filimbi. "Kwangu pua ikilia, kifua nacho kinakuja matanga," alizoea kusema, akipangusa kamasi kwa mkono wa koti la serikali. "Nimepewa bunduki, lakini adui ananisikia kabla sijamwona."

Jioni moja alijilaza kichakani na afande, wawavizie wanawake waliowapelekea chakula wapigania uhuru msituni. Mvua ilikuwa imenyesha. Vumbi hakuna, pua kavu. Mmoja wao, Wawira, alipotokeza na kiondo chake, homgadi alijipapasa mfukoni kimyakimya, akavuta ugoro kwa matundu yote mawili, akapiga chafya mpaka kifua kikapokea. Wawira akatoweka.

"Samahani, afande," alisema akihema. "Si unaijua pua yangu."