Nilivyomuua Mama Yangu Nyuma ya Goli

Chekeni mmalize kabisa ndipo nianze, maana mtu akinikatiza katikati nitanyamaza, na hamtausikia tena mkasa huu kutoka kinywani mwangu (mtausikia kwa watu wa Mwembesongo, na wale wanautia chumvi, eti nilipanda juu ya mti, mimi sikupanda mti wowote). Aibu hii ni yangu, nilijitafutia mwenyewe, na mpaka leo nikienda sokoni nazunguka njia ya nyuma nisipite pale uwanjani.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kushuku. Sikulelewa hivyo, mama yangu kule Njombe anamfungulia mlango yeyote anayebisha, lakini biashara ya vipuri vya pikipiki hapa Morogoro imeniharibu: nimeuziwa betri bovu ndani ya boksi jipya, nimelizwa kwa simu na mtu aliyejiita mjumbe wa mtaa, basi siku hizi mtu akinisalimia kwa heshima sana, kabla sijaitikia nimeshajiuliza huyu anataka nini. Na kwenye mpira ndiyo usiseme, kwenye mpira nashuku hata refa akifunga kamba za viatu.

Sasa uwanja wetu wa Mkongeni ni wa siku nyingi, walioufyeka ni vibarua wa mkonge enzi za mkoloni, una jukwaa moja la mbao lenye mabati ya kutu, ukuta wa matofali ulioanguka upande mmoja, na nyuma ya goli la kusini kuna miarobaini yenye kivuli kizuri. Babu za watu walicheza pale. Na kila familia ya zamani ina maneno yake kuhusu kitu kilichofukiwa chini ya goli lile la kusini, wengine chungu, wengine wanasema mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya watoto. Mimi sijawahi kuchimba, ila sijawahi kulikanyaga pia.

Jumamosi ile ilikuwa fainali, ng'ombe dume amefungwa pale kwenye jukwaa anasubiri mshindi, timu yetu ya Kaza Roho na vijana wa mlimani, wakulima wa karoti na kabichi, wana mapafu hao, wanakimbia dakika zote wala hawatemi mate. Na walipofika hawakupita getini! Waliruka ukuta mmoja mmoja, kipa wao akaingia kinyumenyume. Nikasema haya, leo ipo kazi. (Tusidanganyane, na sisi tulikuwa na kamati yetu ya ufundi, watu wa ndumba, na chumvi ya mawe ilimwagwa mahali asubuhi na mapema, lakini ile ya kwetu ilikuwa ya kujikinga tu.)

Ila siku ile kwangu kulikuwa na jambo kubwa kuliko ng'ombe. Nilikuwa namchumbia Bernadeta, mwalimu wa shule ya msingi, Mluguru wa Mgeta, msichana ambaye nilikuwa nampenda na nampenda mpaka sasa, sioni haya kusema. Baba yake alikuwa ameshanikubali, tumekula naye, tumecheka naye. Lakini kwa Waluguru wale wa kwao baba ni wa kuheshimiwa, mwenye neno ni mjomba, na mjomba wake mkubwa, Mzee Alfonsi, nilikuwa sijawahi kumwona kwa macho. Sifa zake tu ndizo zilinifikia, kwamba alishamkataa mchumba mmoja wa watu kwa sababu alikula ugali amevaa kofia. Akisema hapana, imekwisha, hakuna pa kukata rufaa.

Ijumaa jioni Bernadeta akanipigia. "Kesho ukae nyuma ya goli la kusini," akaniambia, "na uvae ile kofia yako ya bluu."

"Kwa nini?"

"We vaa tu." Na akacheka.

Mtu wa kawaida angevaa. Mimi usiku kucha nageuka kitandani, kwa nini anataka kujua nitakapokaa, au kuna mtu wake atakuwa jukwaani na hataki nigeuze shingo? Mchezo huo naujua! Basi nikafanya uamuzi mdogo tu, mdogo kabisa, ambao ndio ulioniangamiza: nikaenda kukaa nilipoambiwa, lakini kofia nikaisokomeza mfukoni, ili niwe naona nisionekane.

Nimekaa chini ya mwarobaini, macho nimeyaelekeza jukwaani yanamtafuta huyo mwanamume, mara naona mzee anakuja taratibu, koti la zamani, suruali ina udongo mwekundu wa mlimani, mkononi ana tenga limefunikwa kitenge. Anamwangalia kila kijana usoni. Mpira unaendelea, watu wanapiga kelele, yeye hata hageuki! Akaja akakaa pembeni yangu na kuliweka tenga karibu na mlingoti wa goli, na lile tenga, wallahi, likajitikisa.

"Shikamoo mzee," nikasema (adabu ninayo).

"Marahaba mwanangu. Unaitwa nani?"

Hajauliza matokeo, hajauliza nani anaongoza. Anauliza jina. Nikamwambia, "Juma."

"Juma," akarudia taratibu. "Na mama yako anaitwa nani? Upande wa mama ni watu wa wapi?"

Jamani. Mgeni, fainali, nyuma ya goli lile, na tenga linalotikisika, anauliza jina lako na la mama yako! Nani hajui hao wenye kazi zao wakikutaka wanataka nini? Jina la baba yako hawana habari nalo, wanataka la mama.

"Mwajuma," nikajibu. (Juma mtoto wa Mwajuma! Mtoto wa chekechea angetunga kitu cha maana zaidi.) "Wa Dumila."

"Nitapenda kumwona," akasema mzee, "huwa napita Dumila."

"Alishafariki," nikasema haraka, nimzibe njia moja kwa moja. Mungu anisamehe, asubuhi ileile mama alikuwa amenipigia kuniuliza kama nimekunywa chai.

Mzee akavua kofia yake. Akaishika magotini, akaniambia, "Pole sana mwanangu. Aliyebaki bila mama amebaki peke yake," na sauti ilikuwa ya huruma ya kweli, lakini mimi niliisikia kama sauti ya mtu anayepima kipande cha nyama buchani.

Ningenyamaza pale, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini akauliza tena, "Hivi unamfahamu kijana mmoja anaitwa Meshaki, muuza vipuri?"

Meshaki ni mimi! Kwa hiyo ametumwa, na ametumwa kwangu. Nikafikiri kwa haraka kwamba mtu anaonewa kijicho kwa sababu ana kitu, basi ngoja nimshushe huyu Meshaki mpaka hata mchawi amwonee huruma aende zake.

"Namfahamu," nikasema, "lakini mzee usipoteze muda wako, yule hafai kwa lolote. Mlevi yule. Duka lenyewe si lake. Ana mke Makambako na mwingine sijui wapi, watoto hawajui hata kuwalisha."

"Una uhakika?"

"Mzee, Meshaki namjua kama ninavyojijua mwenyewe."

Akashusha pumzi ndefu. Uso ukasawijika, akaingiza mkono mfukoni, midomo ikaanza kuchezacheza bila sauti, na macho kayafumba. Na hapo hapo, naapa, vijana wa mlimani wakapiga shuti moja la hovyo, mpira mwepesi ambao bibi yangu angeudaka huku anapepeta mchele, kipa wetu akainama kuuokota, ukampita katikati ya miguu. Goli.

Sikusubiri. Nilikimbia mpaka jukwaani kwa Sudi, mtangazaji wetu, nikampokonya kipaza sauti chake kisicho na waya. "Mpira usimame!" nikapiga kelele, na spika zile zinafika mpaka barabarani. "Refa simamisha mpira! Goli la kusini kuna mzee ananuiza! Mkono uko mfukoni! Na ndani ya tenga kuna kitu kinapumua!"

Uwanja ukalipuka. Kipa wetu akalikimbia goli mbio zote, hata glavu akazitupa. Vijana wakamzunguka mzee, mmoja akavuta kile kitenge, na jogoo mweupe akaruka nje, akakimbilia golini, akasimama kwenye mstari akawika. Basi Kaza Roho wote, wanaume wazima wenye ndevu, wakatoka nje ya uwanja. Na mimi nipo, kipaza sauti mkononi, nasogea huku natangaza, "Mmeona? Mmeona wenyewe?" Nilijiona shujaa. Kusema kweli nilifurahi.

"Toa mkono mfukoni!" wakamwamuru. Na nilipofika karibu nikaona jinsi walivyomsogelea, ngumi zimekunjwa, na mzee mwembamba yule katikati yao ametulia, ndipo kwa mara ya kwanza nikaogopa, nikaona hapa nimewasha moto nisioweza kuuzima.

Akatoa mkono. Rozari. Ya mbao, imeng'aa kwa kushikwa.

"Nilikuwa nasali," akasema. "Kijana mmoja hapa amenipa habari mbaya za mtu niliyekuja kumwona."

Vijana wakarudi nyuma. Na katikati yao akapenya Bernadeta, anahema, kilemba kimemlegea, akapiga goti vumbini. "Shikamoo mjomba! Mjomba, nani kakufanyia hivi?"

Bernadeta akainua kichwa akaniona, akaona na kile nilichoshika. "Meshaki," akasema, "kofia iko wapi?"

"Huyu si Meshaki," mjomba akamwambia kwa upole, "huyu ni Juma, masikini, amefiwa na mama yake." Na kipaza sauti nilikuwa sijakizima, kwa hiyo uwanja mzima ukasikia, na ng'ombe akasikia.

"Mama yake?" Bernadeta akashangaa. "Mjomba, juzi nimeongea na mama yake kwenye simu."

Ndipo likaja kueleweka lote, mbele za watu, kwa spika. Kwamba mzee alitaka amwone mchumba akiwa hajajiandaa, ndiyo maana Bernadeta alikatazwa kuniambia. Kwamba alikuwa anatafuta kofia ya bluu, na alipoikosa akaanza kuuliza. Kwamba aliuliza habari za mama kwa sababu kwao mtu anajulikana kwa mama, huko kwa baba hawana haja sana. Na jogoo alikuwa wa kuchinjwa jioni ile tule pamoja, mimi na yeye. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bernadeta hakucheka.

Nikapiga magoti nikaomba msamaha, nikasema mambo ya ulevi na wake wawili ni uongo mtupu. Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulevi nakuamini kwamba huna," akasema. "Mtu anayejisema vibaya ni mjinga tu, na mjinga anafundishwa. Lakini umemuua mama yako mdomoni, na mimi nikavua kofia kwa ajili yake. Kesho ukiogopa kingine, mtoto wa dada yangu utamfanya nini?"

Mjomba akaenda kumkamata jogoo wake mwenyewe maana hakuna aliyethubutu kumgusa, nikakimbia kumsaidia, mzee na mimi tukawa tunamfukuza jogoo uwanja mzima, watu wanashangilia kila nikianguka, na alipomkamata akaondoka bila kuniaga. Kaza Roho wakagoma kurudi uwanjani, refa akawapa wenzetu ushindi, ng'ombe akapanda mlima.

Jioni nikampigia mama. Nilimweleza yote, nalia, mtu mzima.

"Ukasema nimekufa?" akauliza.

"Ndiyo mama."

Kisha akasema, "Na ulikunywa chai?" Hapo ndipo niliumia kweli, kuliko pale uwanjani.

Alikuja. Alipanda basi kutoka Njombe, tukapanda naye mpaka Mgeta, na mjomba akampokea mlangoni kwa mikono miwili, akamketisha ndani, mimi nikaambiwa nisubiri uani na mbuzi. Walizungumza kutwa. Nilikuwa nawasikia wanacheka, na nilijua wanamcheka nani. Jua linataka kuzama mjomba akatoka, akaja mpaka nilipokaa, nikasimama.

"Mama yako tumempokea," akasema. "Ni mtu mwema sana. Wewe bado."

Ndiyo hali ilivyo mpaka leo. Mama yangu na mjomba wanapigiana simu kila Jumapili baada ya misa, mama ametumiwa mbegu za karoti, anaitwa dada, na mimi Bernadeta namwona mchana tu tena mbele za watu. Nimejiapiza: sitakana tena jina langu mbele ya mtu yeyote, awe mganga, awe tapeli, awe nani, na uwanjani siendi. Kushuku sijaacha, nisiwadanganye, juzi tu nimesikia mjomba amempelekea mama yangu kitenge nikaanza kujiuliza anataka nini. Lakini safari hii nimefunga mdomo wangu.