Swali Kwenye Kiwanda cha Alizeti

Kabla ya kila ziara ya kiwandani niliwapanga wanafunzi wangu mbele ya karakana na kuwagawia maswali. Wewe utauliza mashine ilinunuliwa wapi. Wewe utauliza alizeti inatoka vijiji gani. Nilichagua yale ambayo mwenye kiwanda angefurahi kuyajibu, na miaka yote niliyofundisha ufundi wa mitambo katika sekondari yetu, upande wa Mbulu, niliita jambo hilo adabu. Ulikuwa woga wangu. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne na kozi ya ufundi, na mbele ya wenye viwanda nilijiona mgeni wa kuvumiliwa tu.

Mwaka ule tulikwenda Katesh, kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mcheshi, na kila mwaka alimchukua mwanafunzi mmoja afanye kazi kwake wakati wa likizo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyejua kutumia tupa ya kulainishia chuma kuliko darasa zima, aliitaka sana nafasi ile. Baba yake alikuwa akisema ufundi si kazi ya msichana. Msichana aliamini kwamba akitokea mwenye kiwanda akamkubali, ndipo baba atanyamaza.

Wanafunzi walisalimia kwa pamoja, shikamoo moja ya kupendeza. Maswali yangu yakaulizwa, yakajibiwa. Kisha msichana akanyoosha mkono.

"Samahani mzee. Huu mkanda wa mota mbona hauna kinga? Mtu akiteleza hapa kwenye mashudu, mkono si unakwenda nao?"

Mwenye kiwanda akacheka. "Mwalimu, leo umeniletea mkaguzi wa serikali!"

Wavulana wakadakia. "Mkaguzi! Mkaguzi!"

Alikuwa anatania, leo naliona hilo wazi. Wakati ule uso uliniwaka moto.

"Mwombe mzee radhi," nikamwambia msichana.

"Mwalimu, nimeuliza tu."

"Mwombe radhi, hapa hapa, mbele ya wenzako."

"Ah, mwache mtoto," alisema mwenye kiwanda, lakini mimi nilisubiri. Akaomba radhi, macho yakiwa sakafuni, na mtu mmoja nyuma yangu akacheka tena.

Tulipoaga, mwenye kiwanda akaniuliza amchukue nani likizo hiyo. Nikamtaja mvulana mpole, mmoja wa wale waliouliza maswali niliyowapa.

Kwenye gari msichana alikuja kusimama karibu na kiti changu.

"Mwalimu, swali langu lilikuwa na kosa?"

"Halikuwa na kosa. Pale hapakuwa mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

Nikamwambia akakae.

Muhula uliofuata baba yake alimhamishia shule isiyo na karakana. Sikwenda kuzungumza na baba huyo, ingawa kwao nilikujua. Niliendelea na ziara zangu, na wenye viwanda waliendelea kusifu wanafunzi wangu kwa utulivu wao.

Mwaka jana nilimpeleka mke wangu hospitali Haydom, akalazwa. Nikamkuta yule msichana, sasa mama mtu mzima, akiuza vitenge katika duka dogo karibu na kituo cha basi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama." Nikamwambia kwamba siku ile nilimkosea, na kwamba naomba radhi.

Alikuwa akikunja kitenge. Hakuacha kukunja.

"Mbele ya nani, mwalimu?"

Dukani tulikuwa wawili tu. Mteja akaingia kuuliza bei, naye akamgeukia. Nikarudi wodini kwa mke wangu.