Kaseti Tatu za Dunstan

Dunstan alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza, mwaka 1992, alikuwa amebeba gitaa la kujitengenezea ambalo tumbo lake lilikuwa debe la mafuta ya kula. Alinisalimia kwa adabu, akazitazama kaseti zilizopangwa ukutani mstari kwa mstari, kisha akaniambia zote ni mbaya.

"Mbaya vipi?"

"Zimetoka Dar, zimetoka Zaire. Hakuna hata moja inayojua njia ya Liuli, kwetu ziwani, Mama Tunu."

"Njia ya Liuli hata malori hayaijui."

Akacheka. Mtu akicheka mwanzoni mwa biashara ujue ana shida ya kitu, kwa hiyo nikamwekea kigoda na kumwambia aimbe. Aliimba wimbo mmoja nusu Kinyasa nusu Kiswahili, na mistari miwili niliishika papo hapo:

Ziwa halina mlango,
aliyeingia atokee wapi?

Mimi ni mtu wa Kilwa. Nilifika Mbinga na mume. Mume akaondoka, nikabaki na kibanda, na kibanda nikakifanya duka kwa kuuza kila kinachotafutwa. Sijui muziki. Ninachojua ni uso wa mteja, na pale mlangoni walikuwa wamesimama watu sita waliokuja kununua chumvi wakasahau chumvi.

Hakutaka fedha. Alitaka redio kaseti. Nikampa moja iliyotumika, naye akanipa nyimbo kumi ziwe zangu, nirekodi na kuuza nitakavyo. Akaomba na betri. Nikasema nne, akasema nane, tukaishia sita. Nilijua nimempunja, naye nadhani alijua, ila alikuwa na haraka ya kusikika. Mkewe Katarina alikuwa amezama mwaka mmoja kabla, akivuka ziwa kwenda Nkhata Bay, Malawi, kuchukua sabuni na khanga za kuuza. Upepo wa mwera ulipiga, mtumbwi ukapinduka, na mwili haukupatikana. Hayo aliniambia bila kuombwa, kama mtu anayetaja kijiji alikotoka.

Tulirekodi Ijumaa, wakati wa swala, kwa sababu ndiyo saa pekee mashine ya kusaga ya jirani huzimwa, mwenyewe akiwa msikitini. Nilimweka katikati ya magunia ya kahawa stoo, maana magunia hunyonya mwangwi. Kaseti ilikuwa ya zamani. Siku zile bidhaa zilikwisha kuruhusiwa kuingia, lakini kaseti tupu Mbinga ilikuwa bado ghali, nami nilikuwa nanunua zilizotumika: za mahubiri, za muziki uliochuja, na za barua. Watu wa ziwani wenye ndugu Malawi walikuwa wakitumiana barua za kusema. Asiyejua kuandika anabonyeza mashine, anazungumza, anamkabidhi mtu anayevuka. Miezi miwili nyuma, mtu aliyerudi kutoka ng'ambo alikuwa ameniuzia boksi zima la kaseti za namna hiyo. Sikusikiliza hata moja. Unaziba kwa karatasi kile kitundu cha juu kinachozuia kurekodi, unabonyeza, kazi inaanza.

Kaseti hiyo ya kwanza ndiyo ikawa ya asili. Nikainakili kwenye deki niliyokuwa nimetoka kuinunua, na msimu wa kahawa ulipoanza nikaipeleka Litumbandyosi na Ukata, ambako watu walikuwa wameshalipwa na hawajaamua la kufanya.

Wiki ya pili mkulima mmoja wa Ukata alirudi dukani na kaseti mkononi. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Mama Tunu, humu ndani kuna mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Dunstan akinyamaza, yeye anasema. Kwa mbali. Kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta."

"Basi nikurudishie?"

"Hapana. Nataka nyingine, kaka yangu haamini."

Nilipobaki peke yangu niliipiga ile ya asili kwa sauti ya juu. Ni kweli. Kati ya wimbo na wimbo, mahali pa kimya, palikuwa na sauti ya kike, nyembamba, ikisema jambo kwa Kinyasa, lugha ambayo mimi nilijua salamu zake tu. Kisha gitaa likaingia, ikafunikwa. Nikamwita Ismail, fundi redio wa jirani. Akafungua mashine yangu ya kurekodia, akachungulia.

"Kichwa cha kufutia kimechoka. Hakifuti chote. Huyo ni mtu aliyekuwemo kwenye kaseti kabla."

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi yeyote."

"Mbinga mafundi wako wangapi?"

"Mimi."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza, na kaseti zikatoka kama andazi la asubuhi. Watu walikuja kutoka Liparamba wakiulizia "ile yenye mama". Sikusema ni jini wala sikusema si jini. Mtu akiniuliza, nilimjibu kwamba mimi nauza kaseti, maelezo hayamo kwenye bei.

Kisha akaja Dunstan mwenyewe. Alikuwa amekonda. Hakukaa.

"Ni Katarina," akasema.

Ningeweza kumwambia habari ya kichwa cha kufutia. Nilikuwa na nakala mia na ushee rafuni. Nikamuuliza, "Una hakika?"

"Nimelala na sauti hiyo miaka tisa. Lakini redio yako imechoka, maneno siyapati sawasawa. Nirekodi tena. Mahali palepale, siku ileile. Nitaacha nafasi ndefu, aseme."

Tukarekodi tena Ijumaa, kwenye magunia yaleyale. Safari hii nilikuwa na kaseti mpya kutoka Dar. Aliimba vizuri kuliko mara ya kwanza, na baada ya kila wimbo alikaa kimya huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayemngojea mgeni wake amalize kunywa maji. Nilihesabu hadi hamsini, hadi sitini. Tulipoisikiliza palikuwa na pumzi zake na panya wa stoo.

"Hakutaka," akasema.

Kaseti hiyo ya pili haikununuliwa. Waliojaribu waliirudisha: "Hii haina mama." Msimu mzima nilikaa na mzigo, nikafikiri kama mfanyabiashara. Nikatafuta kaseti ya barua nyingine yenye sauti ya kike, nikanunua kwa mwanamke mmoja pale sokoni, nikamwita Dunstan, nikamrekodi juu ya barua hiyo kwa mashine ileile iliyochoka.

Tulipomaliza aliomba kusikiliza. Sauti ya kike ikaja vizuri tu kati ya nyimbo. Akaisikiliza mpaka mwisho, akazima mwenyewe.

"Huyu ni Mmatengo, na analalamikia bei ya mbolea. Umemtoa wapi, Mama Tunu?"

Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nikamweleza yote, habari ya mashine, karatasi ya kuziba kitundu, barua. Nilitegemea anitukane. Yeye akauliza swali moja.

"Ile ya kwanza, ulinunua kwa nani?"

"Mtu mmoja aliyetoka Malawi. Mrefu, jino la mbele halipo. Hamphrey."

Ndipo akakaa. "Hamphrey ni shemeji yangu. Kaka wa Katarina, tumbo moja."

Nikaelewa kabla hajaendelea. Katarina hakujua kuandika. Kila mtu wa Liuli aliyevuka alibeba kaseti yake kwenda kwa kaka. Kaka aliporudi aliniuzia boksi zima, nami nikamchukua mume, nikamwimbisha juu ya mkewe.

"Kwa hiyo nimemfuta mimi," akasema.

"Mashine ndiyo iliyofuta."

"Mashine inafuta pale ninapoimba. Pale ninaponyamaza ndipo amebaki. Na zile nyingine za boksi?"

Hapo nilipenda kusema uongo, ila tayari alikuwa amenikamata na mmoja siku hiyo. "Zile nilinakilia nyimbo zako kwa deki mpya. Hiyo inafuta vizuri."

Nikamwita Ismail aje na spika zake mbili kubwa, akasafisha vichwa kwa spiriti, tukaipiga ile ya asili tukiwa watatu, mlango nimeufunga mchana kweupe na wateja wanagonga. Mahali penye kumsikia palikuwa patatu tu. Dunstan alikuwa akinitafsiria.

Baada ya wimbo wa kwanza Katarina alikuwa anasema mihogo imevunwa, na nguruwe wamekula nusu.

Baada ya wimbo wa pili alisema, "Kaka, huyu mwanaume anaimba hadi majirani wanahama."

Dunstan akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. Kisha, kwa pumzi ileile, Katarina akaendelea: "Nitavuka mwezi ujao. Usimwambie Dunstan kwamba—"

Na hapo Dunstan mwenyewe akaingia, kwa sauti kubwa, na wimbo wa tatu, ule wa kuchekesha kuhusu mbuzi wa mwenyekiti asiyefungwa kamba.

Tulirudisha nyuma. Ismail akapunguza besi, akaongeza, akageuza spika. Mbuzi wa mwenyekiti hakutoka njiani. Sehemu ya tatu, mwishoni mwa upande wa kwanza, ilikuwa ni kuaga: wasalimu wote.

Kuanzia hapo mtu yule hakuwa na jambo jingine duniani. Alikuwa ameambiwa mkewe alivuka kwa ajili ya sabuni. Kama alikuwa amekusudia kurudi au hakukusudia, jibu lilikuwa chini ya wimbo aliouimba yeye.

Lakini kulikuwa na mtu aliyeisikia barua ile ikiwa nzima. Nikafunga duka, tukapanda lori la kwenda Mbamba Bay. Sikwenda kwa huruma tu. Nilikuwa na haja ya usipa, dagaa wa ziwani, wa kuleta Mbinga. Hamphrey tulimkuta ufukweni, akigeuza usipa kwenye vichanja. Dunstan alimweleza kwa utaratibu, hakupandisha sauti. Hamphrey aliendelea kugeuza.

"Naikumbuka," akasema.

"Alisema nini?"

"Shemeji, aliniambia nisikwambie. Nami sijakwambia."

"Amekufa, Hamphrey."

"Ndiyo maana. Angekuwa hai ningemwomba ruhusa."

"Niambie kama ni kizuri au kibaya. Hilo tu."

"Nikikwambia kizuri utajua nusu. Nikikwambia kibaya utajua nusu. Yeye hakusema nimwambie Dunstan nusu."

Dunstan akaenda kukaa mbali, karibu na maji, ameyapa mgongo. Mimi nikamvuta Hamphrey pembeni. Nilimwambia nitachukua usipa wake wote wa msimu kwa bei atakayotaja mwenyewe. Akakataa. Nikamwambia nitamletea nyavu kutoka Songea. Akakataa. Nikamuuliza, basi mbona barua zenyewe uliniuzia, boksi zima, bila hata kuzifuta?

Hapo tu ndipo uso wake ulibadilika. "Sikuweza kuzisikiliza tena," akasema. "Na nilijua wewe utazifuta."

"Basi nitajie bei ya hilo neno moja."

"Mama Tunu, mimi nauza usipa."

Nimefanya biashara tangu nikiwa na miaka kumi na minne, kuanzia vitumbua. Sijawahi kurudi nyumbani na jibu kama hilo.

Njiani kurudi Dunstan aliniomba kaseti ya asili. Hata pale nilipatana, sitajisingizia wema. Nilimwambia nitampa, lakini kwanza ninakili za kutosha, na yeye aje aimbe kaseti ya nne. Akakubali. Nilinakili siku nne, nikampa, na Ijumaa yake akaja stoo na gitaa lake. Akaanza wimbo, akaimba mstari mmoja, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Kila alipofungua mdomo alisimama kusikiliza kama hajamkatiza mtu. Ilipofika saa nane mashine ya kusaga ikaanza kunguruma, nikamwambia aende tu.

Hakurekodi tena, wala kuimba. Gitaa alimpa mwalimu wa kwaya.

Hamphrey alifariki mwaka 1998, kwa homa ya siku tatu. Nilisikia kwamba Dunstan alikaa kando ya kitanda siku zote tatu, akimnywesha uji, akimgeuza, na kwamba hakuuliza. Wengine wanasema aliuliza. Mimi nilikuwa Songea.

Mwaka uliofuata nilipita Liuli. Nilimkuta Dunstan anasuka uzio. Kaseti anayo, ameifunga kwa plastiki na kuiweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mchele wa kunyonya unyevu. Nilimuuliza kama huwa anaisikiliza.

"Ismail aliniambia kila ikipigwa inapungua," akasema. "Sasa naiweka."

Hivyo anayo sauti ya mkewe na haisikii. Mimi nina deki mbili, duka la matofali na bati jipya, na nyimbo zile bado zinauzwa kila kahawa inapolipwa. Ila Kinyasa nimekijua siku hizi, biashara imenifundisha. Mteja akitaka kuijaribu kaseti ya Dunstan kabla ya kununua, namwekea, kisha naenda uani kupanga vitu ambavyo vilikwisha kupangwa, nasubiri mpaka nimsikie mbuzi wa mwenyekiti ameanza, ndipo narudi kupokea fedha.