Meno ya Diski Mpya

Miaka ile ya mwanzo ya soko huria nilikuwa karani wa kikundi cha wakulima wa mboga pale Lushoto. Laptopu yetu ilipoharibika diski, aliletwa fundi kutoka Tanga. Aliweka diski mpya aliyokwisha kuijaza programu, lakini kila akiiwasha, kioo kilibaki cheusi na maandishi meupe yakisema hakuna diski. Akatangaza kuwa mashine imekufa.

Nikaomba niiangalie. Tulilingana umri, lakini alinijibu bila hata kugeuka, "Binti, tuchemshie chai kwanza."

Chai nikachemsha. Alipotoka barazani kunywa na mwenyekiti, nikachukua bisibisi yake.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani kule Vuga. Akifungua cherehani yake kuisafisha, alitandika kanga na kupanga kila kipande, na hakuridhika mpaka vyote virudi ndani na kanga ibaki tupu. Nami nikatandika mtandio wangu mezani, nikalaza diski zote mbili. Ile ya zamani ilikuwa bado imevaa kiunganishi chembamba cha plastiki kwenye meno yake, vile visindano vya chuma vya pembeni. Ile mpya ilikuwa na meno matupu, kwa hiyo haikuwa ikigusana na mashine hata kidogo.

Nikakichomoa, nikaivisha ile mpya, nikairudisha ndani na kufunga skrubu zote. Laptopu ikaunguruma, ikawaka mpaka mwisho.

Fundi akarudi na kikombe mkononi, akaganda mlangoni. "Nani kaigusa?"

"Binti," nikamjibu. "Kama chai haikutosha, jiko liko nyuma."